Pumzi Mpya na Soksi za Kijivu

Injinia alikuwa na sifa nyingi, lakini uhandisi haukuwamo. Chuo cha ufundi alikikanyaga mara moja tu maishani, tena alikuwa anakimbia mvua. Jina alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyesimama kulipinga, likamganda. Ovaroli yake ilikuwa safi kuliko za mafundi wote mjini, kwa sababu zilizo wazi, na ulimi wake ungeweza kumuuzia kipara kitana, kisha ukamrudia wiki ya pili na mafuta ya nywele.

Kitu kimoja tu duniani Injinia hakuwahi kukidanganya: gari lake. Lilikuwa gari dogo jekundu la milango miwili, aliloachiwa na marehemu mjomba wake, ambaye yeye kweli alikuwa fundi. Aliliita Bibiye. Alilifuta kwa taulo la mtoto mchanga, alilisalimia asubuhi, na likikohoa alisema "pole" kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Nyumba angeuza, saa angeuza, shemeji yake alikwisha kumuuzia mtu mara mbili kwa kazi ambazo hazikuwapo. Bibiye hauzwi.

Jumapili moja asubuhi alikuwa kwenye uwanja wa kuoshea magari, anamfuta Bibiye masikio, yaani vioo vya pembeni. Uwanjani pale ndipo wapenda magari wa mji walipokutana kila wiki. Walifungua boneti zao wakasimama kuzizunguka, mikono nyuma, vichwa vimeinama, kama ndugu waliokuja kumwangalia mgonjwa. Mazungumzo yao yalikuwa ya kunong'ona.

Mara gari la Kinyozi likawashwa. Kasha lake la chujio la hewa lilikuwa limepasuka tangu mwezi uliopita, na Kinyozi, mtu wa mikono minene na uvivu mwingi, hakuwa amelishughulikia. Injini ikavuma kama nyuki laki moja waliovunjiwa mzinga.

"Weee!" wakapiga kelele. "Umeweka nini humo?"

Kinyozi hakuwa ameweka chochote. Akatazama mbali, akasema, "Siri."

"Siri hiyo inauzwa wapi?" wanne wakauliza kwa pamoja.

Taulo la mtoto mchanga likasimama juu ya kioo cha Bibiye. Injinia alikuwa ameona jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha ufundi: watu hawa walikuwa wananunua kwa masikio.

Kesho yake alikuwa kwenye kibanda cha Fundi Bomba, mama wa makamo aliyeunganisha mabomba ya nusu ya nyumba za mji ule na kuzibua ya nusu nyingine. Alimkuta amepiga goti, anakata bomba kwa msumeno.

"Dada, nataka bomba. Refu kama mkono wangu, likunjwe mara mbili."

"La maji safi au la maji machafu?"

"La hewa."

Fundi Bomba akaweka msumeno chini. "Hewa ya wapi?"

"Ya kuingia kwenye injini ya gari."

"Inaingia kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha nini?"

"Dada, wewe kunja tu. Hewa itajua njia."

"Na maji watu husema hivyo hivyo," alisema Fundi Bomba. "Kisha wananiita nije kuwachimbulia sakafu."

Hata hivyo alikunja. Alilijaza bomba mchanga wa moto ili lisijikunyate kwenye kona, akalikunja taratibu juu ya goti, akamwaga mchanga, akalichungulia kama darubini. Injinia alitaka kuondoka nalo palepale. Fundi Bomba alikataa kuliachia.

"Kwanza nione linakokwenda."

Ndivyo alivyoanza. Alipofunguliwa boneti ya gari la mteja wa kwanza aliifuata njia ya hewa kwa kidole, kisha akauliza maswali ambayo Injinia aliyajibu yote kwa kukohoa. Siku ya pili alisema bomba lile alilokunja, ambalo lilikuwa la maji machafu, litalainika kwa joto, akatumia zito la kijivu, la maji ya moto. Siku ya nne alisema hewa inavutwa kutoka juu ya injini, mahali penye joto kama jikoni, "na mtu aliyetoka kukimbia humpi uji, unampa maji baridi." Akalirefusha bomba hadi nyuma ya taa ya mbele. Wiki iliyofuata akachonga kalibu ya mti, umbo la kupachikia bomba likiwa moto, akautanua mdomo wa bomba kama tarumbeta. Alikuwa anasogeza kipande cha gazeti kwenye mdomo ule, injini ikiunguruma, na kutazama gazeti linavyovutwa. Alibadilisha kidogo. Alirudia. Alitupa mabomba kumi na moja kabla hajaridhika.

Injinia aliyaona yote haya kuwa mapambo. "Dada, unajitesa bure," alimwambia. "Muhimu livume."

"Litavuma pia. Mimi nitaweka alama yangu tu." Kwa msumari wa moto alichoma kialama kidogo cha tone la maji karibu na mdomo.

"Weka, weka," alisema Injinia. Alipofika kwake alibandika karatasi ya kung'aa juu ya lile tone. Karatasi iliandikwa: PUMZI MPYA. Teknolojia ya anga.

Sasa naomba tuvue kofia, kwa maana tunafika kwenye sehemu ya kitaalamu.

Injinia alijua kuvuma peke yake hakutoshi. Mteja angepanda kilima, angeona gari ni lile lile, angerudi na ndugu zake. Kwa hiyo akaenda kwa muuza nguo za shule akanunua dazeni ya soksi za kijivu. Kisha akatangaza uwanjani kwamba anapima pumzi za magari, bure kabisa. Shingoni alivaa kile kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua. Alikiweka juu ya injini, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Pumu," alisema.

"Pumu?" aliuliza mwenye gari, ameshika kifua chake mwenyewe.

"Limejikaza. Hulisikii usiku?"

Mwenye gari alipoinama kusikiliza, vidole viwili vya Injinia vilikuwa vinasukuma soksi kwenye mdomo wa hewa wa gari lile. Basi mtu alirudi nyumbani na gari lililokuwa zima asubuhi, jioni linapanda kilima linalalamika kama mzee anayepanda ngazi. Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwa Injinia, machozi karibu.

"Kaka, ulisema kweli. Linakufa!"

"Tulia. Umewahi."

Bomba jipya likafungwa, la zamani likatolewa, soksi ikarudi mfukoni kimyakimya. Gari likapanda kilima kwa kishindo. Wateja walimkumbatia, na mmoja, daktari wa meno wa watu, alimwita "daktari mwenzangu". Wiki ya tatu soksi sita zilikuwa kwenye mzunguko, na Injinia alikuwa anazifua mwenyewe, maana hata utapeli unahitaji usafi.

Ndipo akaja Kocha.

Kocha alifundisha mbio za miguu miaka thelathini, akastaafu, lakini saa ya mbio haikushuka shingoni mwake. Alipima kila kitu. Alijua chai yake inachemka kwa muda gani, lango linafunguka kwa muda gani, mkewe anaoga kwa muda gani, na kwa hili la mwisho alipewa onyo kali. Alikuwa na gari jeupe la familia. Kila Jumamosi alilipandisha kilima kutoka nguzo ya kwanza ya umeme hadi ya nne, akaandika sekunde kwenye daftari. Injinia alimtazama mzee huyu mpole, anayeitikia kila neno kwa "mm", akaona mbele yake mteja aliyeiva.

"Mzee wangu, hili nalo lina pumu."

"Mm," alisema Kocha.

Soksi ikaingia. Siku mbili baadaye soksi ikatoka, bomba likafungwa, Kocha akashukuru, akaenda moja kwa moja kibandani kwa Fundi Bomba. Alikuwa amebandua ile karatasi ya kung'aa, maana yeye hakuweza kuona karatasi bila kuibandua.

"Tone hili ni lako, mama?"

"Langu."

Kocha akafungua daftari juu ya meza, katikati ya mabomba. "Mwezi mzima gari langu linapanda kwa sekunde kumi na nne. Kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne. Injinia kanipimia pumzi bure, likapanda kwa kumi na tisa. Nikafungua boneti. Nikakuta hii." Akachora soksi, vizuri tu, hata na kisigino. "Nikairudisha palepale. Nilitaka kuona mchezo hadi mwisho."

Fundi Bomba akakaa juu ya ndoo. "Kwa hiyo bomba langu ni la uongo."

"Subiri. Leo, na bomba lako, bila soksi." Akageuza ukurasa. "Kumi na mbili."

"Siyo kumi na nne?"

"Kumi na mbili. Nimerudia mara tano. Mama, mwanaume yule anauza kitu cha kweli, na hajui."

Fundi Bomba alilichukua daftari akalisoma tena, kidole chini ya kila namba. Alikuwa ametupa mabomba kumi na moja kwa ajili ya sekunde hizo mbili, na tone lake lilikuwa limezibwa na kipande cha karatasi.

"Mzee," alisema taratibu, "lile gari lake jekundu umewahi kulipima?"

"Mara nyingi. Mbona?"

"Nataka kujua litafika wapi likiwa na soksi. Pea nzima."

Walipokwenda kununua, muuza nguo za shule aliwashangaa. "Soksi hizi zina nini? Juzijuzi kuna jamaa kachukua dazeni, na hana hata mtoto."

Bahati ilikuwa upande wao, kwa sababu wiki ile mambo ya Injinia yalianza kuchemka. Kinyozi, baada ya kupimiwa pumzi, hakurudi kufungiwa bomba. Uvivu. Alizunguka na soksi ya watu siku kumi, hadi binamu yake alipofungua boneti na kuivuta nje mbele ya wateja watatu waliokuwa wamenyolewa nusu.

"Panya," alieleza Injinia alipoitwa. "Panya wanabeba."

"Panya wa shule gani?" aliuliza Kinyozi. "Inanuka sabuni! Nikimpata aliyeniwekea hii, nitamnyoa hadi nyusi. Bila maji."

Injinia alicheka sana, akaenda nyumbani akafunga virago. Alikuwa bado anafunga pale Kocha alipobisha hodi, na Fundi Bomba nyuma yake ameinamisha macho kama mtu anayeomba kazi.

"Mwanangu," alisema Kocha, "tumekuja kwa unyenyekevu. Tunataka kuinunua Pumzi Mpya. Jina, kalibu, vifaa, wateja, vyote."

Injinia aliketi juu ya virago vyake ili visionekane. Kutoroka na kulipwa kwa kutoroka! "Mzee, Pumzi Mpya ni maisha yangu," alisema, akipanga uso wa huzuni. "Utafiti wa miaka. Kuna usiku sikulala."

"Mm. Bahasha hii hapa."

Bahasha ilikuwa nene kiasi kwamba ilifungwa kwa mpira. Injinia aliipima kwa jicho, huzuni ikapona. Kocha akatoa karatasi: jina na kalibu vinahamia kwa Fundi Bomba, ambaye ndiye mtengenezaji tangu mwanzo, pamoja na vifaa vyote vya kazi.

"Na kile cha kusikilizia kifua?" aliuliza Fundi Bomba kwa sauti ndogo.

"Chukua, dada, chukua! Ni chako." Akatia sahihi yenye mikia mitatu. Alijiuma shavu kwa ndani asicheke. Watu wawili wazima, jamani, wananunua mabomba ya choo na soksi!

Walipokuwa wanasaini, Fundi Bomba aliomba kwenda kunawa mikono nje. Alichukua muda mfupi tu, sekunde arobaini na tatu, na Kocha anao ushahidi. Injinia siku zote alisukuma soksi hadi vidole vilipofika, kwa kuwa alikuwa mvivu. Fundi Bomba alikuwa na waya wa kuzibulia, na alijua kona iko wapi.

Jumamosi asubuhi, jua limechomoza vizuri, Injinia aliondoka mjini. Bahasha ilikuwa kifuani, virago nyuma, Bibiye ameng'arishwa. Njia ya kutoka ilikuwa moja, nayo ilipanda kile kilima.

Kabla ya nguzo ya kwanza Bibiye alianza kukohoa.

"Pole, mama," alisema Injinia.

Bibiye akapunguza mwendo. Mwendesha baiskeli aliyebeba kreti la soda akawapita, akawapungia mkono. Injinia akasimama, akafungua boneti. Akagusa plagi, akanusa mafuta, akatikisa nyaya. Kisha wazo baya likampitia, akaingiza vidole viwili kwenye mdomo wa hewa. Hapakuwa na kitu. Akavuta pumzi ya kushukuru, na mara ileile akaogopa zaidi, kwa sababu kama si ile, basi Bibiye alikuwa mgonjwa kweli.

Hapa sitanii. Mtu aliyekuwa amewatangazia pumu watu kumi na wawili alikaa pembeni ya barabara ameshika taulo la mtoto mchanga. Mjomba alimwachia kitu kimoja tu. Akamsukuma Bibiye kwa bega, hatua kwa hatua, hadi kituo cha mafuta kilichopo kwenye nguzo ya kwanza, kama vile daftari la Kocha lilivyosema atafika.

Kituoni palikuwa na boneti kumi na mbili wazi. Chama kizima cha wapenda magari kilikuwepo. Kocha alikuwa amewaalika kupima sekunde. Katikati, juu ya sanduku la vifaa, alikaa Fundi Bomba na kile kifaa cha kifuani shingoni. Miguuni pake palikuwa na bomba jipya, dogo, lililokunjwa sawasawa kwa gari dogo jekundu la milango miwili.

Injinia akaelewa yote mara moja. Akamsogelea karibu sana.

"Dada," alinong'ona, "toa."

"Nitoe nini, kaka?"

"Unajua."

"Sijui. Sema kwa sauti, masikio yangu yamezibwa na hiki kifaa chako."

Kinyozi akasogea, anafuta mikono yake minene. "Atoe nini, Injinia?"

Injinia alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari juu ya ulimi, neno fupi, la nguo ya miguuni. Lakini akilitamka, swali litakalofuata ni amelijuaje, na Kinyozi hakuwa mtu wa kutoka nyumbani bila wembe. Ulimi uliowahi kuuza kila kitu ukalala chini kama samaki mchangani.

"Atoe... ushauri," alisema.

Fundi Bomba akaweka kifaa juu ya Bibiye. Akafumba macho. Akatikisa kichwa, na kusema haki, alikitikisa vizuri kuliko mwenyewe.

"Pumu."

"Maskiiini!" wakaimba wote.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema daktari wa meno. "Langu lilikuwa hivyo hivyo. Mwekeeni Pumzi Mpya!"

"Hivi mtu anauza dawa na wa kwake hajampa?" aliuliza Kinyozi. "Roho mbaya hiyo."

"Bei gani?" aliuliza Injinia, akitazama lami.

"Kwa gari la zamani, kitu cha kipekee," alisema Kocha, "bahasha."

"Yote?"

"Hata ule mpira."

Injinia aliutazama mfuko wake. Akamtazama Bibiye, anavyofuka moshi mwembamba puani. Bahasha ikatoka, na iandikwe popote panapoandikwa mema ya watu kwamba haikuchukua sekunde nne.

Fundi Bomba alifanya kazi bila haraka. Alifungua, akavuta kitu kwa waya, akakivingirisha kwenye gazeti, akafunga bomba jipya, akakaza vibano, akapitisha kidole mdomoni mwa tarumbeta. Kisha akamkabidhi Injinia lile gazeti. "Zako," alisema. "Nilikuwa nimezifua."

Injinia hakuaga. Aliingia, akawasha, akaondoka. Na Bibiye akapanda. Akapanda kama hajawahi kupanda tangu siku za mjomba, anaimba, kiti kinamsukuma Injinia mgongoni, nguzo zinapita. "Kumi na moja!" ilisikika sauti ya Kocha nyuma. Juu kabisa kilele kilifika kabla Injinia hajakumbuka kubadilisha gia.

Akasimama. Akafungua boneti na kutafuta ujanja uko wapi. Hakuuona. Akachana pembe ya gazeti la soksi, akaisogeza kwenye mdomo wa bomba jinsi alivyokuwa akimwona Fundi Bomba akifanya huku yeye mwenyewe anapiga miayo. Gazeti likanyakuliwa mkononi mwake.

Alikaa chini kwenye changarawe. Wateja wale wote, na hakuhitaji kumdanganya hata mmoja. Angeweza kusema ukweli tangu asubuhi ya kwanza, ukweli mtupu, na wangenunua. Badala yake alikuwa ameuza mali halisi kwa bei ya uongo, kisha akainunua tena. Aliyetapeliwa kuliko wote alikuwa yeye, na tapeli wake alikuwa yeye mwenyewe. Karibu na mdomo wa tarumbeta, bila karatasi yoyote juu yake, palikuwa na tone dogo la maji.

Kule chini kituoni Kocha alikuwa ameibonyeza saa yake. "Nampa dakika kumi."

"Mimi saba," alisema Fundi Bomba, akipanga spana.

Mvumo ulisikika kabla gari halijaonekana. Gari jekundu likashuka kilima, likakata kona, likasimama mbele yao taratibu kama mtu anayeingia darasani amechelewa. Kocha akatazama saa.

"Sita na nusu. Umeshinda, mama."

Injinia akashuka. Ovaroli yake ilikuwa na doa la kwanza la mafuta tangu inunuliwe.

"Dada Fundi," alisema, "hivi hamhitaji mtu wa kuuza?"

Fundi Bomba alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Ulimi huo? Tunauhitaji sana. Kitu cha kweli nacho kinataka kusemewa."

"Na masharti?"

Macho ya Fundi Bomba yalikuwa yameshafika kwenye viatu vyake, yakatua hapo.

"Kazini utakuja na ndara," alisema.